Kwa Uliyefanywa Nyapara Juzi

Kijana wangu, barua yako imenifikia. Unasema umepandishwa cheo kiwandani hapo Thika, sasa una watu 30 chini yako, na wale mliokuwa mkila githeri pamoja saa saba wanakaa kimya ukipita. Unaniuliza uwashike vipi ili wakuheshimu. Hilo neno "kuwashika" nimelisoma mara mbili, nikaweka kikombe chini.

Kabla ya kukujibu, twende Pangani, mji wa pwani ya Tanzania. Ni mbali na Thika, najua, lakini kule alipita bwana mmoja aliyekuwa na swali kama lako.

Aliitwa Emil von Zelewski. Alizaliwa mwaka 1854 Prussia Magharibi, sehemu ambayo leo imo ndani ya Poland, akawa afisa katika jeshi la Prussia. Jeshi hilo ndilo lililowashinda Wafaransa katika vita vya 1870 na 1871, na nidhamu yake ikawa mfano wa kuigwa Ulaya nzima. Zelewski akaja Afrika Mashariki kuitumikia kampuni ya Wajerumani, na wenyeji wakambandika jina: Nyundo. Sijui na wewe wameshakupa lipi. Ukilisikia likitajwa nyuma ya mlango, usikasirike upesi. Hiyo ndiyo ripoti yako ya kazi, na imeandikwa na watu wasiokuogopa wakiwa peke yao.

Mwaka 1888 kampuni ile ilipata kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Zanzibar haki ya kukusanya ushuru pwani ya Mrima. Mwezi wa Agosti Zelewski akapelekwa Pangani. Alikuta mji wenye wenyewe: liwali, masheikh, matajiri wa misafara, bendera ya Sultani mlingotini. Mtu mwenye adabu angepiga hodi, akakaribishwa barazani, akanywa kahawa kikombe kimoja au viwili, kisha ndiyo atoe lililomleta. Huyu alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alipokataa, wakashushwa wanamaji wenye silaha kutoka manowari ya Kijerumani, nazo zilikuwa siku za Idi kubwa. Katika kumsaka liwali wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa wakiwa naye.

Simwambii mtu kwamba vita vililetwa na mbwa. Kulikuwa na ushuru, kulikuwa na biashara iliyokuwa ikitoka mikononi mwa wenyewe, kulikuwa na hofu ya kupoteza mashamba. Lakini hayo yote watu wa Pangani walikuwa wakiyabishania wao kwa wao, huyu akisema tuvumilie, yule akisema tupigane. Viatu vile na mbwa yule vilimaliza ubishi. Wiki chache baadaye Nyundo alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba, watu wenye silaha wamemzunguka, mpaka Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, alipokuja kumtoa. Abushiri bin Salim akaongoza vita upande wa Pangani, Bwana Heri upande wa Saadani, na Ujerumani ikalazimika kumtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akavitungia vita hivyo utenzi ambao wanafunzi wa Kiswahili wanausoma hadi leo.

Unadhani Nyundo alishushwa cheo? Alipandishwa. Kufikia 1891 yeye ndiye kamanda wa jeshi zima la koloni. Nakwambia hili makusudi, maana hata hapo kiwandani utawaona wanaopanda kwa kufoka, nawe utashawishika kufikiri kwamba ndiyo njia.

Mwaka huo akaongoza msafara kwenda kumtisha Mkwawa, mtawala wa Uhehe, akichoma vijiji njiani. Alikuwa na mizinga, bunduki za rashasha na askari mia kadhaa. Wahehe aliwahesabu kuwa watu wa mikuki na ngao, basi. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, karibu na Iringa, msafara ulikuwa umenyooka kama kamba katika njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, mizinga imefungwa migongoni mwa punda, kamanda naye amepanda punda wake. Pembeni, ndani ya vichaka na nyuma ya mawe, jeshi la Mkwawa limelala kimya. Mzinga uliofungwa kamba mgongoni mwa punda haumsaidii mtu. Mambo yalikwisha kwa muda mfupi sana: Wazungu 10 wamekufa, askari zaidi ya 200 wamekufa, na Nyundo mwenyewe kachomwa mkuki. Ilikuwa miaka mitatu, mwezi ule ule, tangu Idi ya Pangani. Ikawachukua Wajerumani mpaka Oktoba 1894 kurudi na kuivunja ngome ya Kalenga.

Afisa aliyelelewa na jeshi la Prussia hakukosa kufundishwa kutanguliza wapelelezi. Somo alikuwa nalo. Ila mtu hatumi wapelelezi kwa watu aliokwisha kuwadharau. Anaona anawajua tayari.

Nikukumbushe pia asili ya hilo jina mnaloitwa, nyapara. Katika misafara ya zamani mnyampara alikuwa mkuu wa wapagazi: mtu wao, aliyegawa mizigo, akahakikisha posho imefika, akawasemea kwa mwenye mali. Leo kuanzia Ruiru hadi Thika nyapara ni mtu wa kufokea vibarua getini. Watu hupandishwa cheo. Hilo neno limeshushwa.

Sasa jibu lako. Huo ukimya wa wenzako usiuite dharau. Wanakupima waone umekuja na mbwa au umekuja mwenyewe. Usipandishe bendera yako wiki ya kwanza: usihamishe watu zamu ili waone kwamba unaweza, usimkemee mtu mbele ya aliyemfundisha kazi. Aliyekutangulia miaka 15 mwite mama au mzee hata kama jina lake liko chini ya lako kwenye karatasi. Na kuna vitu hapo kiwandani ambavyo ni msikiti wao, kama vile dakika zao za chai na ruhusa ya kwenda kumzika mtu. Ukifika hapo, vua viatu.

Haya siyasemi kwa kuwa mimi ni mwema. Nikiwa na miaka 26 nilikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja huku Ruiru, koti jipya la samawati, kalamu mbili mfukoni. Asubuhi moja mama aliyekuwa akifagia akasimama kando ya mashine, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto kifuani. Akasema, "Supavaiza, hii mashine leo inalia kama mtu mwenye jino." Nikamjibu, na watu wakisikia, "Mama, wewe kazi yako ni ufagio." Akaenda zake kufagia.

Saa tisa mchana mkanda ulikatika. Fundi alifika jioni. Vibarua waliokuwa wakilipwa kwa hesabu ya vipande walikaa kwenye makreti tangu saa tisa hiyo, na hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Yule mama alipita na ufagio wake, akaviokota vipande vya mkanda kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza yangu, akaenda kunawa mikono.

Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Nikamkuta alfajiri kwa muuza chai nje ya geti, ameketi juu ya jiwe, mandazi mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, yakanipotea yote. Akaniangalia, akasogea kidogo jiwe litoshe wawili.

"Kaa," akasema. "Leo chai yangu utalipa wewe."