Breki za Nani?

Mtu ana haki ya kuendesha gari lisilosimama vizuri? Ukiuliza hivyo, hata mtoto atakujibu hana. Lakini gari lenyewe likiwa Volvo PV544, aina ile ambayo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda nayo East African Safari mwaka 1965, watu wazima wanaanza kuvutana.

Nimewasikia wakivutana kwenye gereji moja ya jua kali, Nakuru. Mwenye gari ni mzee jirani yetu. Fundi anataka kung'oa breki za dramu za mbele aweke diski za Volvo Amazon. Mzee hataki. "Fundi, ukianza kubadilisha hivi, mwishowe utaniachia bodi tu."

Si ubishi wa bure. Magari haya yamebaki machache, na mengi yameharibiwa na watu waliodai wanayaboresha. Mzee anahisi kwamba gari hili si lake peke yake, ni la watakaokuja pia, na mimi namwelewa.

Sasa tazama dramu zenyewe. Ukishuka ukikanyaga breki kwa muda mrefu, dramu hupata moto na kupanuka, ikaenda mbali na lainingi. Lainingi nayo ikichemka hupoteza mshiko. Pedeli inazama na gari linazidi kwenda. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Isitoshe, magurudumu yote manne ya PV544 yanategemea mfumo mmoja wa mafuta ya breki: paipu moja ikipasuka, umebaki na handbreki na dua.

Mzee anasema hatari hiyo ameikubali. Ni sawa, ameikubali. Lakini akitoka Nairobi hurudi kwa njia ya chini, ile ya Mai Mahiu inayopita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Kwenye mteremko ule kuna mama anayechoma mahindi kando ya lami. Yeye ameulizwa lini?

"Mimi naendesha polepole, naacha nafasi," mzee anajibu. Kweli anaacha. Shida ni kwamba nafasi ile haikai. Boda boda anaichomokea, na pengo analomwachia mzee amelipima kwa breki za Probox. Hajui dramu ni nini, na hana sababu ya kujua. Barabara ni maafikiano ya watu wasiojuana, na kila mmoja anadhani mwenzake anaweza kusimama.

Hapo ndipo naona neno "asili" linamchanganya mzee. Gari lile lilitengenezewa barabara za wakati wake. Sensa ya 1962 ilihesabu Wakenya milioni 8.6, ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Breki zile zilitosha kwa sababu pengo la mbele lilikuwa kubwa, na pengo lile lilikuwa sehemu ya gari kama usukani ulivyo. Halipo tena. Ukihifadhi dramu bila pengo umehifadhi nusu ya kitu, tena nusu yenye kuua.

Kuna hoja moja ya mzee inayonikera kwa sababu ina ukweli. Anasema dramu zimemfunza adabu. Mjukuu wake akipewa diski atapaa. Huenda. Lakini somo hilo, mjukuu akilifeli, karo atalipa yule mama wa mahindi.

Kama gari lingekuwa la kuegeshwa tu kwenye nyasi za Ngong Racecourse siku ya Concours, ningemwambia fundi asiguse hata nati. Ila mzee analiendesha, na analiendesha kwa sababu analipenda likiwa linanguruma. Basi fundi atoe dramu bila kukata wala kuchomelea chochote, azipake grisi, azifunge kwenye gunia na kuandika ni za upande gani. Atakayelirithi akitaka kuzirudisha, spana itamtosha.

Mzee amekubali diski za mbele. Kuhusu masta silinda ya kugawa mafuta mara mbili, bado wanavutana.