Kabureta nzima



Najifunza ufundi pikipiki hapa Karatu. Juzi kaja mzee mmoja na pikipiki yake ya zamani. Ikipanda kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi. "Kijana wangu, nifungie kabureta mpya."

Nikafungua plagi: masizi matupu, yaani petroli inaizidi hewa. Kichujio kimejaa vumbi letu jekundu, na kule ukingoni, zaidi ya mita 2,200, hewa yenyewe ni nyepesi. Ilitosha kusafisha kichujio na kushusha sindano ya kabureta kidogo. Kabureta ilikuwa nzima.

Nikasafisha kichujio kimyakimya, nikamfungia kabureta mpya. Ya zamani nikabaki nayo.

Sasa niambieni, nilidanganya? Sikusema neno la uongo hata moja. Kaagiza mwenyewe! Hivyo ndivyo nilivyojitetea wiki nzima. Lakini mzee aliagiza kwa kuwa hajui, na mimi najua. Mtu haji kwa fundi kununua spea tu, spea ziko dukani. Anakuja kwa macho ya fundi. Hayo ndiyo niliyomnyima, halafu nikamlipisha.

Kwenye kitubio nilitaja amri ya nane. Padre akaniuliza kuhusu ya saba: "Umemrudishia?" Katekisimu namba 2412 inadai hivyo hivyo, kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe.

Hela nimeshatumia nusu. Jumamosi nampelekea kabureta yake na hiyo iliyobaki, nyingine nitamwomba anivumilie. Naogopa kweli, maana huyu mzee tunasali naye jumuiya moja.