Shamba la Kuazima na Chumba cha Kupanga

Katika vijiji vyetu vingi iko desturi ya kale ambayo hakuna aliyeiandika, wala hakuna asiyeijua. Mtu asiye na shamba la kumtosha huenda kwa jirani mwenye ardhi nyingi, akaazimwa kipande. Atapanda mahindi, maharagwe au mtama, lakini hapandi mnazi wala mwembe, maana mti wa miaka mingi ni kama neno la kusema, "Hapa ni pangu." Hilo ndilo sharti la aliyeazimwa. Naye mwenye shamba analo sharti lake: hamwondoi mwenziwe mahindi yakiwa yamebeba. Akiitaka ardhi yake, humwambia kabla ya kulima, au hungoja hata mavuno yaishe. Atendaye kinyume pengine hashitakiwi, lakini watu humjua kuwa si mtu mwema.

Tumeikumbuka desturi hii kwa sababu ya mambo tuliyoyaona mjini, nasi twataka kuuliza swali moja: Je, mtu akaaye katika chumba kisicho chake ana haki ya kujua habari za kesho yake?

Wengi wetu tuna wana na ndugu Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta mkoa ule una watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Ni zaidi ya watu milioni moja walioongezeka katika miaka 10, na wote wahitaji mahali pa kulala. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hata 1918, zamani ulikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma kwa kupikia na kufulia, na baraza mbele. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa moja baada ya moja, na mahali pake pamesimama majengo ya ghorofa kumi na zaidi, maduka chini, ghala na nyumba za kupangisha juu. Mara nyingi mwenye kiwanja hana fedha ya kujenga. Basi hupatana na tajiri, tajiri akajenga, kisha wakagawana ghorofa. Hivyo mwenye kiwanja hupata, na tajiri hupata. Lakini wale waliokuwa wakipanga vyumba vya nyumba ile ya chini hawamo katika mapatano hayo, na mara nyingi hawajui hata kwamba yapo. Nayo mitaa ya Ilala na Magomeni yaelekea njia iyo hiyo.

Mwaka mmoja tulilala kwa mama mmoja, jamaa yetu, mwenye kupanga chumba katika nyumba ya namna ile huko Ilala. Kila alfajiri hukaanga maandazi barazani, na kwa maandazi hayo amesomesha watoto watatu. Siku ile walikuja vijana wawili na kamba ya kupimia, wakapima uso wa nyumba, wakapima ua, wakaandika katika daftari, wakaenda zao pasipo kusema neno. Jioni mama yule alituuliza, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Watu hawa wamepima nini?" Hatukuwa na jibu. Akasema tena, "Unga wa mwezi huu ninunue gunia zima, au ninunue kilo kilo? Na huyu mdogo, nimwandikishe shule ya hapa, au nimpeleke kwa bibi yake?" Mwenye nyumba alipoulizwa alicheka tu, akasema hakuna neno.

Tangu siku ile twafikiri ya kuwa yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya kuwa moja. Mkulima hajui kama mvua itanyesha. Kutojua huko ni sehemu ya maisha ya binadamu wote, tajiri na maskini, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini mama yule hakufichwa kesho yake na mawingu. Alifichwa na mtu amjuaye kwa jina, apokeaye kodi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kutojua kwa namna ya kwanza hutufundisha saburi. Kutojua kwa namna ya pili ni dhuluma, maana mmoja anajua na mwenziwe hajui, na yule anayejua hupata faida kwa sababu mwenziwe hajui.

Wako watakaotujibu, "Nyumba ni yake. Mpangaji alijua tangu mwanzo ya kuwa ni mpangaji." Jibu hili lina kweli ndani yake, wala hatulipuuzi. Mpangaji hana ruhusa ya kupanda mnazi katika shamba la mwenziwe. Akiambiwa kwa wakati wake na kwa maneno ya haki kwamba atoke, sharti atoke, hata kama moyo wamwuma. Tena mji unaoongezewa watu milioni moja hauwezi kuwalaza wote katika nyumba za chini. Ghorofa zahitajiwa, na ajengaye nyumba ya kupangisha afanya kazi yenye manufaa kwa watu wasiomjua.

Lakini na atazame jambo hili. Mjini mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi 6, au ya mwaka mzima, ilipwe mbele. Kwa nini? Kwa sababu hapendi kuishi bila kujua kama mwezi ujao atalipwa. Huona ya kuwa kutojua kwamwumiza, naye hutaka kulindwa. Basi, ikiwa yeye huona ni haki kuijua kesho yake, atasemaje kwamba mpangaji hana haki ya kuijua yake? Kipimo anachojipimia nafsi yake ndicho tumwombacho ampimie na mwenziwe.

Wako na wengine wasemao, "Nikiwaambia mapema, wataacha kulipa, au watanipeleka barazani, na tajiri ataniacha." Labda mmoja atafanya hivyo. Lakini mwenye shamba kijijini naye aweza kuogopa kwamba aliyeazimwa ataacha kupalilia, na hata hivyo humwambia. Hofu ya ubaya ambao jirani hajautenda haitupi ruhusa ya kumtendea ubaya kwanza.

Iko habari ya Magomeni ambayo yafaa kukumbukwa. Mahali paitwapo Magomeni Kota palikuwa na kaya 644 za wapangaji katika nyumba za manispaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 waliondolewa ili mahali pale pajengwe upya, nyumba zao zikavunjwa, kisha kwa miaka kadhaa hapakuonekana jengo. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwaahidi kwamba watajengewa na kurudishwa, wakae miaka 5 bila kulipa kodi. Majengo yakasimama, nyumba 644, nayo yakafunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Machi 2022.

Twajifunza nini hapa? Kwanza, yawezekana mpangaji kurudi mahali pake hata pakijengwa ghorofa. Wasemao haiwezekani wamekwisha kujibiwa. Hesabu ya kaya ilijulikana, na hesabu ya nyumba ikalinganishwa nayo. Pili, ahadi ni deni, na deni hili lilikaa yapata miaka kumi. Katika miaka kumi mtoto wa darasa la kwanza huwa kijana wa kuoa, na mzee aliyengoja kurudi aweza kuwa amekwisha kuzikwa. Ukuta waweza kujengwa tena, lakini miaka ile ya kungoja pasipo kujua hairudi. Kwa hiyo alipaye deni la nyumba hajalipa bado deni la wakati.

Hatuwezi kuitazamia sheria peke yake. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo, na mwaka 2005 ikafutwa. Kabla ya hapo, mwaka 1971, wenye majengo ya kupangisha ya thamani kubwa ndio walioamka asubuhi wakakuta serikali imeyatwaa. Basi hata mwenye nyumba ameonja kulala ni mwenye nyumba na kuamka si mwenye nyumba. Ikiwa ameonja, au baba yake ameonja, yampasa kuwa wa kwanza kuuelewa uchungu wa mpangaji wake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mpangaji hana haki ya kukaa milele katika chumba kisicho chake. Lakini ana haki ya kuambiwa kweli mapema, kungojewa hata mavuno yake yaishe, yaani kodi aliyokwisha kuilipa na muhula wa watoto shuleni, na akiahidiwa kurudi, jina lake liandikwe na siku itajwe. Haya hayahitaji fedha nyingi. Desturi ya shamba la kuazima yatosha, nayo haikufundishwa na mtu wa mjini.

Wala tusidhani kwamba neno hili ni la Dar es Salaam tu. Katika vijiji vyetu na miji midogo ya kando ya barabara wako sasa wenye kujenga vyumba vya kupangisha walimu, waganga na wafanya biashara. Na sisi walimu ni wapangaji wa vyumba hivyo. Basi wewe msomaji uliye na vyumba viwili vitatu, ukikusudia kuvivunja ujenge vizuri zaidi, jenga, nasi tutafurahi pamoja nawe. Ila usimlete fundi na kamba yake kabla hujaketi na mpangaji wako ukamwambia. Asije akakaa usiku akiuliza kama anunue gunia zima au kilo moja, hali wewe wajua jibu na umelala.