Chungu Kimoja, Mirija Mingi

Wajukuu zangu, kaeni. Tangu juzi nawasikia hapa Malaba mkidai Wateso wa Busia wapewe kaunti yao. Ng'ambo ya mto nako, upande wa Uganda, wenzenu wanataka Tororo igawanywe, Wateso kwao na Wajapadhola kwao. Sikuja kuwagombeza, nimechoka kugombeza. Ila mzee akinyamaza, lawama ni yake pia.

Anayelia ana linalomliza. Mwaka 1902 Mwingereza aliumega mkoa wa mashariki wa Uganda akautia katika nchi ambayo leo ni Kenya, na babu zetu hawakuulizwa. Mto tulimochota maji ukawa mpaka. Miaka ya 1990 tulipewa wilaya ya Teso, tukashangilia. Kisha katiba ya 2010 ikaja na kaunti 47 zilizofuata wilaya za sheria ya 1992, nasi tukarudishwa Busia, wachache kati ya Waluhya. Kwa hiyo kutaka kujiamulia si kosa. Daini.

Lakini nimeona majimbo, yaani mikoa kujiamulia mambo yake, yakifa mara mbili. Mara ya kwanza yaliuawa kutoka juu. Kenya iliyaanza mwaka 1963, na kabla miaka miwili kutimia yalikuwa yamefutwa. Kule Uganda, Buganda ilipewa madaraka yake mwaka 1962; mwaka 1966 Rais Obote akapeleka jeshi kwenye kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Mara ya pili yaliuawa kutoka chini. Miaka ya 1990 watu walilishika neno hilohilo la majimbo, wakachoma nyumba za majirani huko Bonde la Ufa na kuwaita madoadoa. Binadamu akaitwa doa, wajukuu zangu, kama uchafu wa kufuliwa kwenye nguo.

Mnakijua chungu cha ajon, pombe yetu. Kinakaa katikati, kila mtu na mrija wake, na mwenye nyumba huongeza maji ya moto ili wa mwisho naye apate. Hakuna wa kukunyonyea mrija wako. Lakini anayekivutia chungu magotini pake atakivunja, na ajon italowesha vumbi.

Basi nijibuni kabla hamjachora mstari. Mluhya aliyezeekea dukani hapa atakuwa nani katika kaunti yenu? Mjapadhola aliyeoa binti yetu, watoto wake watahesabiwa upande gani? Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa. Leo hiyo ni ngao yenu Busia, na ikipuuzwa mnalia kwa haki. Siku mtakapokuwa ninyi kabila kubwa, itakuwa ngao ya jirani. Mtamwachia aishike, au mtamnyang'anya?

Nawaomba jambo moja tu. Kwenye ombi mtakalopeleka Nairobi au Kampala, msianze na mnachotaka kupewa. Anzeni na mtakachompa aliye mchache kwenu: kazi, kiti barazani, lugha yake shuleni. Mkiliandika hilo kwa mkono usiotetemeka, nileteeni, nami nitaweka kidole gumba changu. Mkishindwa kuliandika, subirini kwanza. Mtakuwa hamjatafuta kujitawala, mmetafuta zamu ya kutawala wengine.

Mungu awape subira. Mimi yangu inakwisha.