Jino Lililonyamaza



Yeremia 6:14 inawashutumu manabii na makuhani waliolitibu jeraha la watu kijuujuu, wakatangaza amani pasipo amani. Neno hilo hunijia kila ninaposikia ushuhuda wa namna hii: jino lilinikesha, nikaomba, likatulia.

Namshukuru Mungu kwa usingizi huo. Lakini jino lililokuwa likiuma kwa chai ya moto na maji baridi likinyamaza ghafla, mara nyingi neva yake imekufa. Vijidudu bado vimo ndani, vinashuka kwenye mizizi hadi mfupa wa taya. Ukimya huo si uponyaji.

Ndipo daktari wa meno anaposhauri kutibu mzizi, na wengi wakaingiwa na hofu. Atapiga picha ya eksirei na kuchoma sindano ya ganzi. Ganzi ikishika, utahisi mguso na mtikisiko zaidi ya maumivu. Ikiwa bado unaumia, inua mkono, aongeze. Atalizungushia jino mpira mwembamba ili mate yasiingie, atoboe juu yake, kisha asafishe kila mfereji kwa visindano vyembamba na dawa. Magego mengi yana mifereji mitatu au minne, kwa hiyo utakaa kinywa wazi muda mrefu. Mwisho huijaza mifereji na kuiziba. Wengine humaliza siku moja; wengine huwekewa kizibo cha muda na kuambiwa warudi.

Hapo kwenye kurudi ndipo tunapopotea. Maumivu yameisha, nauli ina kazi nyingine, na kizibo cha muda kinaachwa mpaka kivuje na uchafu urudi ndani. Gego nalo, likishatibiwa, kwa kawaida huhitaji kuvishwa kofia lisipasuke. Gharama si ndogo, najua. Muulizeni daktari mapema jumla yake, na kama jino limeoza mno, kung'oa si aibu.

Jumuiya ndogondogo, msiishie kumwombea mwenye jino. Muulizeni miadi yake ni lini, na mmoja afuatane naye, hasa safari ile ya pili. Kuuma kidogo wakati wa kutafuna kwa siku chache baada ya matibabu ni kawaida. Lakini uso ukivimba, homa ikipanda, kumeza au kupumua kukiwa kwa shida, msingoje Jumatatu. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.