Familia isiyozeeka



Japani kuna katuni inaitwa Sazae-san. Ilianza kurushwa Oktoba 1969, na bado inaonyeshwa kila Jumapili jioni. Ni vichekesho vya nyumbani tu: watu saba, vizazi vitatu, paa moja. Miaka yote hiyo Katsuo yuko darasa la tano, na Babu Namihei haongezeki hata mwaka.

Raha, eti? Mimi najiuliza: watu wasiozeeka wana sababu gani ya kupendana leo? Msamaha unaweza kusubiri kesho, hata keshokutwa. Bibi yangu kule Usangi hana kesho nyingi hivyo. Kwa kuwa saa zetu zinahesabika, kumpa mtu saa moja ni kumpa kipande cha uhai wako.

Utasema, na mbinguni je, ambako hakuna kifo? Kule upendo umeshakamilika. Huku ndiyo kwanza tunaujenga. Hata Yesu hakubaki mtoto pale Nazareti. Alikua, akafanya kazi, akamwaga mama yake.

Basi Dominika hii, kabla jua halijazama upande wa Nyumba ya Mungu, mpigie mzee wako simu. Au panda mlima, ukamwone.