Yakuti: jina la jiwe, jina la mtu

Huku kwetu Masisi na Walikale majina ya vitu vya thamani hayatushangazi: kuna Feruzi, kuna Almasi, na siku hizi wazazi wengine wanaita binti yao Rubi. Rubi ni lile jiwe jekundu ambalo Kiswahili cha vitabu kinaliita yakuti. Jina zuri, hakuna ubishi. Lakini tujiulize: tukimwita mtoto kwa jina la jiwe, tunamsifu ao tunamtia bei?

Tuanze na neno lenyewe. Rubi asili yake ni Kilatini, maana yake wekundu. Yakuti imetoka kwa Waarabu, na kwao lilikuwa pia jina la watu, hasa watumwa. Mabwana walipenda kuwaita watumwa wao Yakuti, Lulu, Marijani, Feruzi. Maneno matamu, kumbe ni majina ya mali! Yakuti mmoja aliuzwa angali mtoto kwa mfanyabiashara wa Baghdad. Baadaye akapata uhuru, akaandika kamusi kubwa ya nchi na miji, ambamo hata Mogadishu imo. Alikufa mwaka 1229. Bwana wake alimwita jiwe. Sisi tunamkumbuka kwa akili yake.

Wazee wetu Wanyanga walilijua jambo hili. Katika hadithi ya Mwindo, chifu Shemwindo anakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Wote wazae mabinti tu. Wengi wanaielewa hivi: binti huleta mahari, mwana huitoa. Basi baba alihesabu watoto kama mali, na Mwindo alipozaliwa akataka kumuua. Mwishowe baba ndiye aliyekimbia, mtoto akamfuata mpaka chini ya ardhi.

Na leo? Sisi hatuchimbi yakuti. Tunachimba koltani kule Rubaya na kasiterite kule Bisie, mawe meusi yasiyopendeza macho, wala hatujasikia mtoto aitwaye Koltani. Hata hivyo mawe hayo yametupima sisi. Vikundi vya silaha vimeyagombania miaka mingi. Aprili 2024 M23 waliikamata Rubaya. Kijana akifukiwa shimoni, utasikia mtu akiuliza: « Alikuwa ametosha kilo ngapi? » Jina lake litaulizwa nyuma. Hapo tumekuwa akina Shemwindo.

Tusome pia Mithali, sura ya 31, inayompima mke mwema na kito. Biblia ya zamani ya Kiingereza inasema rubi, ya Kiswahili inasema marijani, ya Kifaransa ya Segond inasema lulu. Watafsiri hawakupatana juu ya jiwe. Juu ya mama walipatana: yeye anapita.

Kwa hiyo hatusemi wazazi waache jina Rubi. Tunasema wamweleze mtoto kwamba jiwe ndilo linaloazima sifa kwake, si yeye kwa jiwe. Na siku ya mahari, na siku ya msiba wa shimoni, tuanze na jina kabla ya hesabu. Jiwe hung'aa likimulikwa tochi. Lakini wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani.